Nafasi Tele, pa Kukaa Hapana

"Yaya, kadi imelala tena."

Mwaka 2008 maneno hayo yalinifikia karibu kila juma, mara kwa simu, mara kwa kubishiwa mlango usiku. Nilikuwa fundi wa nyumba moja ya intaneti mjini Butembo, mashariki mwa Kongo: chumba chenye kompyuta tisa za mtumba zilizotoka Kampala kwa njia ya Kasindi, antena ya sateliti juu ya bati, jenereta nyuma ya ua. Wateja wetu wengi walikuwa wafanyabiashara. Butembo ni mji wa biashara kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Watu wake wanapeleka nje kahawa, utomvu wa mpapai na magome ya kwinini, wanarudi na mizigo ya Dubai na Guangzhou. Mtu wa namna hiyo akikaa mbele ya kompyuta kungoja barua ya wakala wake kuhusu kontena, kila dakika ina bei yake.

Kati ya kompyuta hizo tisa na antena ilikaa mashini ya kumi, isiyo na kioo wala mteja. Ilikuwa Pentium III ya zamani, megabaiti 256 za kumbukumbu, kadi mbili za mtandao. Hiyo ndiyo ilikuwa mlango wetu wa kutokea. Ilitumia Linux ya Debian 4.0, na juu yake Squid, programu inayohifadhi kurasa za wavuti ili mteja wa pili anayeutaka ukurasa uleule asiulipie tena safari ya kupanda kilomita 36,000 hadi kwenye sateliti na kushuka. Mashini hiyo ikilala, nyumba nzima imelala.

Na ililala kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Haikuganda. Niliunganisha kioo, nikaingia, kila amri ikajibiwa. Ila kadi ya upande wa antena ilikuwa imefungwa, na nilipoamuru ifunguke ilijibu kwa Kiingereza kwamba haiwezi kutenga kumbukumbu. Nikaiita amri ya `free` kuuliza kumbukumbu iliyobaki. Megabaiti zaidi ya 30 zilikuwa wazi, hazina mwenyewe. Kadi ile ilihitaji kilobaiti kadhaa tu. Ilikuwa kama mtu kunyimwa kijiko cha unga huku gunia limesimama mlangoni.

Nikafanya walichokuwa wakifanya mafundi wote wa mji: zima, washa. Ikaamka. Siku tano zikapita, mara nyingine nane, ikalala tena.

Patroni wetu alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa anapata hasara, na mwenye hasara hutaka jina la mtu. Nikampa. Kijana niliyefanya naye kazi, yule aliyeniita yaya kwa heshima ya umri, ndiye aliyekuwa akizifungua mashini kuzipangusa vumbi. Nilimwambia patroni kwamba nadhani kuna kipande cha kumbukumbu kilichobadilishwa, kizuri kimetolewa na kibovu kimewekwa mahali pake. Nilisema "nadhani". Patroni hakulisikia neno hilo. Kijana aliitwa, akaulizwa mbele ya wateja, akakana kwa sauti ndogo, akakatwa mshahara wa nusu mwezi. Kadi nayo tuliibadilisha mara mbili. Mpya zikalala kama ya kwanza.

Kijana hakuacha kazi. Alinunua daftari la shule, lile la kurasa 48, akaanza kuandika saa na dakika ya kila tukio. Baada ya miezi miwili alilileta mezani kwangu akaliweka wazi, akasema maneno machache: "Yaya, angalia saa. Kila mara mvua imepita kwanza."

Nitarudi kwenye mvua. Kwanza lazima niseme habari ya babu yangu, kwa sababu bila yeye nisingeelewa nilichokuja kukisoma baadaye.

Mimi ni mtu wa Kayna, kwenye barabara kubwa, RN2, kati ya Kanyabayonga na Kirumba, kusini mwa wilaya ya Lubero. Ni nchi ya vilima, na vilima vimelimwa hadi juu. Babu mzaa baba alikuwa na mashamba saba. La viazi lilikuwa mgongoni mwa kilima, ambako ukungu hauondoki hadi saa nne. La maharagwe lilikuwa mteremkoni. La migomba lilizunguka nyumba. Manne yaliyobaki yalikuwa vipande tu: kimoja bondeni, viwili ng'ambo ya kijito, kimoja mbali kiasi kwamba bibi alibeba chakula cha mchana akienda kukipalilia. Baba yake babu alikuwa amegawa kwa wanawe, na baba yake yule naye aligawa. Kila mgawo ulikata katikati. Ndiyo hali ya Lubero nzima, na ndiyo sababu watu wetu wengi wamehamia kaskazini, Beni na hata Ituri, kutafuta msitu wa kufyeka.

Nilipokuwa na miaka kumi hivi, wazazi wa mtaa walikuja kumwomba babu kiwanja. Walitaka kujenga madarasa mawili ya matope na bati, watoto wasiendelee kusomea kanisani. Walimwendea yeye kwa sababu walijua ana mashamba saba. Babu alizunguka nao siku nzima, mimi nyuma yao. Kila shamba walilipima kwa hatua, na kila moja lilipungua: hili jembamba, lile limepakana na la nduguye, lile halina tambarare. Ukijumlisha ardhi ya babu ungejenga shule na uwanja wa mpira. Kiwanja cha madarasa mawili hakikupatikana. Jioni aliketi mbele ya nyumba akasema, si kwangu, labda kwa nafsi yake: "Ardhi yangu ni nyingi mpaka mtu aniombe."

Sasa daftari la kijana. Usiku ule nilibaki peke yangu na mashini iliyolala, na kwa mara ya kwanza sikuizima. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimepakua kitabu cha Mel Gorman, Mwairlandi, kuhusu jinsi Linux inavyosimamia kumbukumbu. Kilichapishwa mwaka 2004 na nakala yake ilitolewa bure. Mimi nilisoma kwa Kifaransa shuleni. Kiingereza cha kitabu kile nilikivuka kwa kamusi, sentensi kwa sentensi, na sura niliyoitaka ilikuwa ile ya ugawaji wa kurasa.

Linux huikata kumbukumbu yote kuwa kurasa za baiti 4096. Kurasa zilizo huru hupangwa kwa mafungu: fungu la ukurasa 1, la 2, la 4, la 8, kila fungu mara mbili ya lililotangulia, hadi 1024. Ni madaraja 11, kuanzia 0 hadi 10. Mtu akiomba ukurasa mmoja na hakuna wa peke yake, fungu la kurasa mbili hukatwa katikati. Nusu moja anapewa, nusu ya pili inabaki. Nusu hizo ni pacha. Siku zote mbili zikiwa huru tena, zinaunganishwa, na fungu lililopatikana hutafuta pacha wake nalo, hivyo hivyo kupanda. Lakini pacha mmoja akiwa bado ameshikwa, hata kwa jambo dogo namna gani, mwenzake anabaki kipande. Hawezi kuungana na jirani wa upande wa pili, hata kama jirani huyo yuko huru na mpaka wao ni mmoja, kwa kuwa hawakuzaliwa na mkato mmoja.

Niliisoma aya hiyo mara tatu. Nilikuwa nimerudi kwenye mteremko wa maharagwe, na watu wakipima kwa hatua.

Utaratibu huo si wa Linux peke yake, na si wa jana. Kenneth Knowlton wa maabara za Bell aliuandika mwaka 1965, na Donald Knuth anasema kwamba Harry Markowitz alikuwa ameutumia tayari mwaka 1963. Markowitz ndiye yule aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 1990 kwa hesabu za kutawanya mali ili mwenye nayo asipoteze yote kwa pigo moja. Mali ikitawanywa hupata usalama. Kumbukumbu ikitawanyika hufa ikiwa hai.

Linux ina faili moja, `/proc/buddyinfo`, ambamo kiini cha mfumo kinaandika idadi ya mafungu huru ya kila daraja. Nikaifungua. Nilinakili mstari wake katika daftari lilelile la kijana, chini ya mwandiko wake, na ninao hadi leo: 3120, 1874, 402, 37, halafu sufuri saba zilizofuatana. Fanya hesabu. Kurasa 8,772 huru, zaidi ya megabaiti 34. Juu ya daraja la 3, hakuna kitu. Mstari wa lile eneo dogo la megabaiti 16 za mwanzo nao ulikuwa vilevile: kuanzia safu ya tano, sufuri.

Kadi yetu je, ilikuwa ikiomba nini? Ilikuwa RTL8139 ya Realtek, kadi niliyoikuta karibu katika kila kompyuta ya mtumba ya miaka ile. Ilikuwa rahisi, na urahisi wake una sababu. Kadi nyingine humwachia dereva, yaani programu inayoiendesha kadi, aiandalie kila pakiti mahali pake. Hii hutaka eneo moja lisilokatika, iandike humo pakiti moja nyuma ya nyingine, ikifika mwisho irudi mwanzo. Dereva wake katika Linux, 8139too, alipofungua kadi aliomba kilobaiti 32, akaongeza baiti 16, akaongeza tena 2048 ili pakiti inayofika ukingoni isikatwe vipande viwili. Jumla baiti 34,832. Zinaenea katika kurasa 9, lakini hakuna fungu la 9. Baada ya 8 ni 16. Kumbe kadi duni kuliko zote dukani ndiyo iliyokuwa ikidai kiwanja kikubwa: kurasa 16 zilizoshikana, daraja la 4. Na daraja la 4 halikuwepo. Kurasa elfu nane zilikuwa wazi, wala hakukuwa na 16 zilizoketi pamoja.

Ilikuwa karibu saa tisa usiku. Jenereta ilikuwa imezimwa, tulikuwa tunaishi kwa betri. Niliiamuru mashini iachilie kumbukumbu zote za faili ilizokuwa imezihifadhi bila ulazima, amri ambayo Linux ilipewa katika toleo la 2.6.16. Nikafungua tena ile faili. Katika safu ya tano, palipokuwa na sufuri, sasa palikuwa na 61. Nikaiamuru kadi ifunguke. Taa yake ya kijani ikawaka, na mimi nikaketi sakafuni.

Sikuwa nimezima kitu. Kipande cha kumbukumbu kilikuwa kilekile, kizima.

Na mvua? Hapo ndipo pananichoma. Mawingu yakiwa mazito, mawasiliano ya sateliti hukatika, na modemu yetu mara nyingine ilishindwa kuyashika tena. Nilikuwa nimegundua kwamba kuifunga kadi na kuifungua huiamsha. Basi nikaandika programu ndogo ya mistari kumi na mmoja: kila dakika tano iulize kama mtandao upo, kama haupo ifunge kadi, isubiri sekunde 30, ifungue. Niliiandika mimi, nikajivunia, nikaisahau. Mashini ilipowashwa upya kumbukumbu ilikuwa nzima, na kadi ilichukua kurasa zake 16 bila taabu. Siku ambayo mvua ilikata mtandao, programu yangu ilizirudisha kurasa hizo 16 sokoni. Katika sekunde 30 Squid ilichukua mbili hapa, faili fulani ikachukua moja pale. Kadi iliporudi kudai kiwanja chake ilikuta watu wamejenga.

Kadi haikuwa na kosa. Kumbukumbu haikuwa na kosa. Kijana hakuwa na kosa. Nilifuta mistari miwili ya programu yangu, ule wa kufunga kadi na ule wa kuifungua, nikatafuta njia ya kuigusa modemu peke yake. Mashini ile haikulala tena hadi siku iliyostaafishwa.

Nimefikiri sana tangu usiku ule juu ya zima-washa. Tunaiita dawa, na fundi anayeijua haraka anasifiwa. Lakini mashini ikizimwa, kila kilichokuwa ndani ya kumbukumbu kinafutika, pamoja na sababu ya ugonjwa. Safu zile za sufuri zilikuwa ndani ya mashini kila mara ilipolala. Zilikuwa ushahidi wa kumtetea mtu, na kila mara nilipobonyeza kitufe niliuchoma ushahidi huo kwa mkono wangu, halafu nikaendelea kumshuku. Hata `free` haikunidanganya. Niliiuliza kiasi gani kipo, ikaniambia kiasi. Swali la kuuliza lilikuwa jingine, kama vile wazazi wa Kayna walivyomhesabia babu mashamba saba.

Nilikwenda kwa patroni nikamweleza kila kitu, pamoja na ile mistari kumi na mmoja. Kisha nikaenda nyumbani kwa kijana na bahasha, nusu mwezi wake, kutoka mfukoni mwangu. Mama yake alinikaribisha, akaniwekea kiti. Kijana alihesabu, akaifunga bahasha, akasema bila hasira, akianza na asante ya Kinande: "Wasingya, yaya. Hela nimepokea. Lakini wale waliokuwepo nikiulizwa hawapo hapa."

Sikuwa na jibu. Baadhi yao nilikutana nao sokoni miezi iliyofuata, na kila niliyemtambua nilimsimamisha nikamwambia. Mmoja alikuwa amesahau kabisa. Mwingine alisema yeye alijua tangu mwanzo kwamba yule kijana si mwizi; nikamuuliza kwa nini hakusema, akaniangalia tu.

Mwaka 2009 Debian 5.0 ilitufikia kwa CD, na kiini chake kilikuwa 2.6.26. Kati ya kile cha zamani, 2.6.18, na hiki kipya, Mel Gorman, mwandishi wa kitabu changu, alikuwa amefanikiwa kuingiza kazi yake ya miaka kadhaa katika toleo la 2.6.24 la Januari 2008. Wazo lake ningeweza kumweleza babu. Kurasa hazifanani: kuna zinazoweza kuhamishwa, kama za programu za kawaida, kwa kuwa programu haijui ukurasa wake unakaa wapi hasa, na kuna zisizohamishika, za kiini chenyewe, kwa kuwa anwani zake zimeshikwa moja kwa moja. Ukurasa mmoja usiohamishika ukikaa katikati ya eneo zuri, umeliharibu lote, kama kaburi katikati ya shamba. Gorman akaziweka aina hizo mbali mbali tangu mwanzo. Mwaka 2010, katika toleo la 2.6.35, likaja jambo la pili: kiini kikikosa fungu kubwa kinaweza kuzihamisha kurasa zinazohamishika, kuzisogeza upande mmoja, nafasi ifunguke upande wa pili.

Nilifurahi, nikadhani mambo yamekwisha. Mwaka huohuo wa 2010 nilirudia kosa kwa sura nyingine.

Ofisi moja ya Butembo iliniomba nikuze kasi ya nakala za usalama walizofanya kila jioni kati ya mashini mbili. Nilikuwa nimesoma kwamba pakiti kubwa za baiti 9000 zinaenda haraka kuliko zile za kawaida za 1500, nikazifungulia. Siku mbili kazi ilikwenda kama upepo. Siku ya tatu nakala iliyochukua dakika 20 ilichukua saa tatu, na kitabu cha kumbukumbu za mashini kilijaa malalamiko ya daraja la 3. Pakiti ya baiti 1500 inaenea katika nusu ya ukurasa. Ile ya 9000, kwa dereva wa kadi waliyokuwa nayo, ilitengewa baiti 16,384, na ukiongeza maelezo ambayo mfumo huyaambatanisha mwishoni, ikavuka kidogo tu. Na kuvuka kidogo katika mafungu haya ni kuruka hadi mara mbili. Kila pakiti moja iliyoingia ilidai kurasa 8 zilizoshikana.

Na hapa kuna tofauti na kadi iliyolala. Amri ya kufungua kadi inaweza kungoja; kiini kinaweza kuisitisha, kikasafisha hapa na pale, kikarudi. Pakiti inayoingia haingoji. Imeshafika, inagonga, na sehemu ya kiini inayoipokea hairuhusiwi kulala hata kidogo. Ikikosa nafasi papo hapo, pakiti inatupwa. Kwa ajili ya waombaji wa namna hii Linux huweka akiba isiyoguswa na wengine. Katika mashini ya megabaiti 256 akiba hiyo ni kilobaiti 2048, na msimamizi anaweza kuiongeza.

Bibi yangu alikuwa na kikapu cha mbegu za maharagwe kilichoning'inia juu ya mafiga, moshi ukikilinda dhidi ya wadudu. Mwaka mmoja wa njaa tulikula viazi vidogo kama gololi, na kikapu kikaning'inia vilevile mbele ya macho yetu. Mjomba alisema bibi ana moyo wa jiwe. Mvua zilipoanza, majirani walizunguka wakikopa mbegu. Sisi tulipanda siku ya kwanza. Mvua ni mwombaji asiyengoja.

Katika ofisi ile niliiongeza akiba, ikasaidia kidogo. Kilichosaidia kweli ni kurudisha pakiti kwenye 1500. Nakala ikarudi kwenye dakika 20 zake na haikupungua wala kuzidi, na mimi nikawaeleza wenye ofisi kwamba kosa lilikuwa la mipango yangu, kabla hawajaanza kutafuta mtu.

Kama kuna jambo ninaloliamini katika kazi hii, ni kwamba heshima ni ya yule anayeomba kidogo. Kiini kinaweza kuhamisha kurasa, lakini kuhamisha kuna gharama, na kuna zisizohamishika. Waandishi wazuri wa madereva waliacha zamani kudai mafungu makubwa. Kadi nzuri za leo hupewa orodha: kipande cha kwanza kiko hapa, cha pili kule, cha tatu mbali. Pakiti inalala imetawanyika katika kurasa moja moja, na kinachoifanya iendelee kuwa pakiti moja ni ile orodha. Orodha ikipotea, hata vipande vyote vikiwa salama, pakiti haipo.

Mwishoni mwa Juni 2024 Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa waasi wa M23, na siku hizo hizo Kayna na Kirumba. Barabara ya kaskazini ilijaa watu: Kirumba, Alimbongo, Lubero, Musienene, Butembo. Shangazi yangu alifika kwangu akiwa na watu saba nyuma yake, yeye wa nane: binti zake wawili, mkwe, wajukuu watatu, na mzee wa jirani ambaye hakuwa na mtu mwingine. Walikuja na magodoro mawili na sufuria. Kikapu cha mbegu hakikuja.

Ndugu wa Kayna walioko Butembo tulikutana jioni ileile uani kwangu. Kila mmoja alitaja alichonacho. Huyu ana chumba kimoja, yule ana sebule ikifika usiku, mimi nilikuwa na nafasi ya watatu. Tulihesabu nafasi za watu kumi na mmoja. Nyumba ya kukaa watu wanane pamoja haikuwepo, na shangazi alikuwa amesema njia nzima kwamba wasitenganishwe. Tulizungumza hadi usiku mkubwa. Mmoja wetu alipendekeza nimhamishe mpangaji wangu wa chumba cha nyuma. Mpangaji huyo naye alikuwa ametoka Rutshuru mwaka uliotangulia.

Wakagawanyika: watatu kwangu, watatu kwa binamu, wawili kwa mwalimu mmoja mwenyeji wa Kayna. Shangazi aliomba karatasi. Nilimpa daftari, akaandika kwa mwandiko wake mkubwa wa shule ya misheni: nani yuko wapi, kwa nani, simu ya nani ya kupiga, nani ana dawa za mzee, nani asubuhi atampeleka mtoto mkubwa kuandikishwa shule. Kila asubuhi saa kumi na mbili anaanza mzunguko kwa miguu, nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, daftari likiwa limefungwa ndani ya kitenge, na kabla ya kula chochote anaweka alama mbele ya kila jina.